Jeraha la Mwenyeji

Mchele wa harusi hauchaguliwi na watu wawili. Hili kila mtu wa Mkongoni analijua. Siku ya kuchagua mchele ua hujaa wanawake mpaka pa kuweka mguu pakosekane. Kila mmoja huja na ungo wake na mbuzi yake ya kukunia nazi, na nusu ya kazi yenyewe huwa ni umbea. Asiye na la kusengenya huambiwa akamenye vitunguu saumu. Sasa uangalie ua wa Mtulia asubuhi ile. Magunia ya mchele yameegemea ukuta, masufuria ya kuazima kijiji cha mbali yamepangwa, na katikati wameketi Mwajabu, mkewe Mtulia, na binti yao Riziki, bibi harusi mwenyewe, ambaye kwa mila alitakiwa awe ndani amefichwa, anasingwa kwa liwa ya msandali. Wanachagua. Hawasemi.

Somoe Mshangama alipita nje ya ua huo akienda kazini. Makuti ya ua yalikuwa yamelegea, na mtu akipita haikuwezekana asione. Alitazama mbele na kukaza mwendo, kama alivyofanya kila jirani tangu msimu uliopita.

Mtulia alikuwa amesusiwa. Hakuna aliyemsalimia wala aliyenunua samaki wake, msikitini alisali peke yake safu ya mwisho, na nyumbani kwake mtu haingii. Anayeingia huhesabiwa naye, akasusiwa pia. Jana yake wakwe walikuwa wameleta ujumbe kutoka Mitondoni kwamba Jumapili watakuja kuoa, ila wapokewe na majirani kama watu wanavyopokewa. Nyumba ambayo majirani hawaingii, walisema, sisi tuingie kwa lipi? Kijiji kizima kilikuwa kimeisikia habari hiyo, na kijiji kizima kilinyamaza.

Hukumu ya wazee ilikuwa nyepesi kutamka. Mtulia asusiwe mpaka jeraha la Mwenyeji lipone. Somoe peke yake, katika watu wote wa Mkongoni, ndiye aliyejua kwamba jeraha lile halitapona kamwe, kwa kuwa alilipasua mwenyewe na akalishona mwenyewe.

*

Kazini kwake palikuwa kibanda juu ya nguzo, pale majani ya bahari yanapoanza. Cheo chake kilikuwa Mlinzi wa Shahidi, na cheo hicho kilitokana na sheria.

Miaka hiyo dunia ilikuwa imechoshwa na watalii waharibifu. Sheria ya Shahidi ikapitishwa, ikasema wageni hawatatua pwani yoyote ila pale ambapo mnyama mkubwa wa baharini anaishi kwa hiari yake, hajafungwa wala hajalishwa na mtu. Mnyama huyo ndiye anayeshuhudia kwamba bahari ile ni nzima na wenyewe wanaitunza. Akiwapo, kibali kipo. Akifa, kibali kinakufa naye. Pwani nyingine zilikuwa na kasa, nyingine papa potwe. Mkongoni ilikuwa na nguva jike, mzee, mvivu, mwenye uso wa mtu aliyeamshwa usingizini. Wakamwita Mwenyeji, kwa kuwa wageni wote walikuja kwake.

Na wageni walileta neema, tusiwe wanafiki. Kabla yao visima vya Mkongoni vilikuwa vimeingia chumvi, na kila masika watoto walizikwa kwa kuhara. Kibali kilileta mtambo wa kuondoa chumvi majini. Kilileta chumba cha kujifungulia, mkunga wa kudumu, na kitanda cha joto ambamo mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hulazwa akapata uhai. Wanawake waliokuwa wakikata mikoko kwa ajili ya kuni sasa waliwatembeza wageni humo humo mikokoni, wakiwaonyesha kaa na kuwadanganya kidogo kuhusu majini na mapepo. Wageni hawakuzidi idadi, hawakuacha taka, hawakupiga kelele. Mambo yalikuwa mazuri.

Kisha asubuhi moja Somoe alimkuta Mwenyeji amekufa katikati ya mizizi ya mikoko. Uzee tu, hakuna aliyemdhuru. Somoe aliketi kwenye tope akamlilia. Alipomaliza kulia, aliwaza mtambo wa maji. Akamkata kipande cha ngozi, mwili akauzamisha kwenye mlango wa bahari, na akawapigia simu watu wa karakana moja ya ng'ambo aliosoma nao.

Hakumwuliza mtu. Alijiambia anaokoa kijiji, na kweli alikiokoa. Ndiyo maana dhambi hii haikumsumbua mwanzoni.

Karakana ilimtengenezea mwingine. Mifupa ilikuwa ya plastiki, misuli ilijikunja kwa umeme, na juu yake wakapandisha nyama na ngozi iliyokuzwa kutoka kwenye kile kipande, hivyo hata damu yake ikipimwa ilikuwa damu ya Mwenyeji. Alikula majani ya bahari na tumbo lake liliyasaga barabara. Alikunya pia, maana wakaguzi wa kibali ni watu wa kupima mavi; wakiyapata wanafurahi kama wameokota lulu. Kilichokosekana ni kitu kimoja. Ngozi ile ilikuwa hai, lakini haikujua kuunga. Ukiikata, inabaki imekatwa.

Na kuikata ilibidi. Chini ya kikono chake cha kushoto ndani ya mbavu kulikuwa na tufe la umeme, ndio moyo wake, na tufe hilo lilihitaji kubadilishwa kila baada ya masika mawili. Somoe alilibadilisha. Gundi ya karakana ikamwishia njiani, bahari ikawa inajaa, na mkononi alikuwa na uzi wa nailoni wa kushonea nyavu. Akashona kwa huo. Wiki ile ile mgeni mmoja akapiga picha, na picha ikaonyesha nguva mwenye jeraha refu, na nailoni imemwingia nyamani.

Kijiji kilipagawa. Nyavu zilikuwa zimepigwa marufuku kwenye majani, zikabaki tatu tu za watu walioruhusiwa kuvua nje ya mwamba. Waliulizwa wote watatu, wakakana. Ndipo wazee walipotangaza baada ya sala ya Ijumaa kwamba itasomwa halbadiri. Aliyemdhuru Mwenyeji, na imshukie yeye na kizazi chake.

Somoe alikuwa nyuma ya pazia, upande wa wanawake. Alikuwa amesoma vitabu vingi kuhusu seli na umeme, lakini neno halbadiri lilimtisha kama linavyomtisha mtu yeyote wa pwani. Alikuwa amefungua mdomo, hili ni kweli, alikuwa amefungua mdomo aseme, na ndipo sauti ya Mtulia ikasikika upande wa wanaume.

Mtulia alisema hajui. Siku zile wavu wake ulikatika kwa mkondo, akaupata kesho yake una tundu. Hakuona nguva, hakuona damu. Lakini hawezi kuapa kwamba si wavu wake, na ana watoto, na mkewe ni mjamzito. Kama ni wavu wake, basi mkosa ni yeye, anaomba halbadiri isisomwe.

Mwongo angeapa akaenda zake nyumbani. Mtulia aliogopa kuapia asichokijua, na woga huo wa Mungu ukachukuliwa kuwa ni kukiri. Nyuma ya pazia, Somoe alifunga mdomo na kushusha pumzi. Tangu hapo mengi aliyasahau, lakini pumzi ile hakuisahau. Ilikuwa pumzi ya raha.

*

Asubuhi hii ya mchele Somoe hakuweza kufanya kazi. Mwenyeji alikuja chini ya kibanda akala na kupiga mapovu, na kwenye jukwaa la kutazamia wageni walimtazama wakishika vifua kwa huruma. Tangu apate jeraha walioomba kuja walikuwa wameongezeka. Somoe alikwisha kuagiza ngozi mpya zamani, akajibiwa kwamba ngozi ya ukubwa ule haikui upesi, asubiri masika mengine mawili. Jumapili haikusubiri masika.

Akaenda kwa shangazi yake, Binti Mkumba, mwenyekiti wa Kamati ya Wageni. Alikuwa mama mnene, mcheshi, aliyeongoza vita ya kupiga marufuku nyavu kwenye majani wakati wanaume wazima walipokuwa wakiogopana. Somoe alimkuta anapaka hina mguu mmoja, akamweleza yote tangu mwanzo, bila kujitetea. Binti Mkumba hakumkatiza. Hina ilimkauka mguuni kabla ya kuisambaza.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza hatimaye.

"Mimi na wewe."

"Basi iishie hapo."

Somoe alisema alikuja ili Mtulia afunguliwe. Kama kusema ukweli ni kugumu, wazee na watangaze tu kwamba wamemsamehe. Binti Mkumba akamtazama kama anavyotazamwa mtoto anayetaka mwezi. Wamsamehe kwa lipi, alitaka kujua, na jeraha liko wazi kila mtu analiona? Watu watauliza. Mkaguzi naye amekwisha kuandika kwamba kijiji kimemwadhibu mkosaji, na hilo ndilo lililokiokoa kibali. Akisikia adhabu imeondolewa, atarudi na vipimo vyake, na safari hii hatapima mavi tu.

"Shangazi, wako wawili wanachagua mchele wa watu mia."

"Nimewaona. Unadhani sina macho?" Sauti ya Binti Mkumba ilishuka. "Mwanangu, mimi nimezika wanne. Wanne, kwa maji ya kisima. Wewe ulikuwa shuleni. Mjukuu wangu wa mwisho alitoka akiwa saizi ya mkono huu, na kile kitanda ndicho kilichomlea. Sasa unaniambia nichague kati ya kitanda na salamu za Mtulia. Nimechagua. Na wewe ulichagua kabla yangu, ila ulikuwa hujaona bei."

Hakukuwa na neno la uongo humo, na Somoe alilijua hilo. Alikuwa amekuja akidhani ukweli ni ufunguo, ukiutoa tu mlango unafunguka. Kumbe alichofanya ni kumgawia shangazi yake dhambi, na shangazi ameipokea na kuiweka pamoja na vitu vyake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wawili wao wangeubeba wa Mtulia miaka kumi bila kutoka jasho.

Alipokuwa akitoka, Binti Mkumba alimwambia avae viatu vyake taratibu, asionekane amelia.

*

"Hodi hapa."

Mwajabu hakuitikia. Hakuwa na kiburi. Ila hakudhani kwamba hodi ile ni yake. Somoe akarudia, na Riziki ndiye aliyeinua uso. Somoe alivuka mlango wa ua. Nje, mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na ndoo alisimama akaona, kisha akaondoka kwa haraka. Basi, limekwisha kuwa. Somoe alichukua ungo mtupu, akajimiminia mchele, akaketi mkekani akaanza kutoa mawe.

Mtulia alikuwa nyuma ya nyumba akipasua kuni, kazi ya vijana wa mtaa katika harusi yoyote nyingine. Alikuja na shoka mkononi. Alikuwa amekonda, na ndevu zimeingia mvi ambazo mwaka jana hazikuwapo.

"Umetumwa?" aliuliza.

"Hapana, kaka. Nimekuja mwenyewe."

Riziki alitabasamu, akajisogeza kumpa nafasi, na tabasamu lile lilikuwa zito kulibeba kuliko tusi. Somoe alijua akichelewa kidogo watamshukuru, na wakishamshukuru hataweza tena. Akasema. Alisema Mwenyeji wa kweli alikufa zamani, kwa uzee. Kwamba anayeogelea sasa ni kitu kilichoundwa. Kwamba jeraha ni la kisu chake yeye, na nailoni ni ya mkono wake yeye. Alisema pia kuhusu ile Ijumaa nyuma ya pazia. Ile pumzi hakuitaja. Kuna mambo hata anayetubu anajibakizia.

Mtulia aliweka shoka chini. Aliketi kwenye gogo, akaangalia mikono yake.

"Kwa hiyo sikumgusa," alisema.

"Hukumgusa."

"Wavu wangu haukumgusa."

"Hakukuwa na wa kumgusa, kaka."

Mwajabu alikuwa bado anachagua. Vidole vyake vilikwenda kwenye mchele, vikarudi, vikaenda, wala havikushika jiwe. Masika yaliyopita alikuwa amezaa mtoto wa kiume, maiti. Habari hiyo Somoe aliisikia kwa mkunga, akasikitika, akajisemea kwamba mimba huharibika. Hakuwahi kujiuliza wenyewe waliielewa vipi.

"Mimi sikumlilia," alisema Mwajabu. Hakumtazama Somoe, alikuwa akiuambia ungo. "Mtulia alimzika peke yake pale nyuma. Nikasema, sawa. Tumemdhuru kiumbe wa Mungu, na Mungu amechukua chake. Nikasema nikilia nitakuwa nabishana na haki. Nikakaza moyo. Maziwa yalikuja, nikayakamulia chini, sikulia."

Hapo sauti yake ilikatika. Mchele ukamwagika mkekani. Mwajabu alilia kwa namna iliyomshtua Riziki, maana hakuwa amewahi kumsikia mama yake akilia hivyo. Alimlilia mtoto ambaye hakupewa hata jina, na Somoe alibaki na ungo mapajani bila kujua aweke wapi macho. Alitamani wampige.

Mtulia alimshika mkewe mabega mpaka kilio kikapungua. Kisha akaanza kusema polepole, na alichosema Somoe hakukitarajia. Maji yale, alisema, na wao wanakunywa. Riziki naye atakuja kuzaa katika chumba kile kile. Yeye amekwisha kujua kwamba hana kosa, na kwa Mungu hilo linamtosha. Pengine ingekuwa heri...

"Heri kwa nani?" Mwajabu alimkata. "Mimi nataka wajue. Wote. Waliokuwa wakipita hapa wakitazama mbele, nataka wajue."

"Na wakikosa maji?"

"Nilikosa mtoto."

Somoe alijikuta akiwatazama, mmoja kisha mwingine, akisubiri waamue, na Mtulia aliliona hilo usoni mwake.

"Usitutazame sisi," alimwambia. "Mara ya kwanza uliamua peke yako. Usije sasa kututwika sisi hii ya pili."

*

Bamvua ilikuwa imeanza na maji yalikuwa yamekupwa mbali. Wanawake walikuwa wametapakaa ufukweni wakiokota kome, na wageni wa siku ile walikuwa jukwaani wakingoja Mwenyeji aje kula tena. Somoe alishuka kibandani na kidude cha kumwongozea Mwenyeji, kisichozidi ukubwa wa sabuni. Alifikiria kitanda cha joto kikifungwa kamba na kupakiwa. Alimfikiria mtoto ambaye hajazaliwa, ambaye atakuja kumhitaji mkunga na mkunga hayupo, na mama yake atauliza ni nani aliyefanya hivi, ataambiwa jina. Hakuna njia aliyoiona ambayo ingemtoa msafi. Njia moja tu ilimwacha mtu mwingine achukue uchafu wake, na hiyo amekwisha kuijaribu.

Akamwamuru Mwenyeji apande mchangani.

Alikuja akijikokota, akakwama kwenye maji ya kifundo. Mwanamke wa kwanza alipomwona alitupa kikapu chake. Wakakimbilia wote, na Somoe hakuwa amelifikiria hili. Hawakupiga kelele za bure. Walifunga kanga viunoni, wakapanga mstari mpaka kwenye dimbwi, wakapokezana ndoo na kummwagia maji ngozi isikauke. Mmoja alimkinga jua kwa mtandio wake. Wengine walimsomea dua. Binti Mkumba mwenyewe alikuja mbio na mguu mmoja wenye hina, akapiga magoti majini, akamtazama Somoe upande wa pili wa lile dubwana, na macho yake yakamwomba.

Somoe alichomoa kisu. Alikata nailoni, uzi baada ya uzi. Mwanamke mmoja alimshika mkono akimwuliza kama amerogwa. Somoe alimwambia asubiri tu, na upole wa sauti yake ukamfanya yule amwachie. Kisha aliingiza mkono mpaka kiwiko chini ya kikono, akalizungusha tufe na kulitoa. Mwenyeji akaacha kupumua katikati ya pumzi. Ndani ya jeraha, badala ya utumbo, waliona nyaya na mbavu nyeupe za plastiki.

"Huyu si nguva," alisema Somoe. "Ni mimi niliyemleta, na ni mimi niliyemkata. Mtulia hakufanya kitu. Nilijua tangu ile Ijumaa."

Maji yaliendelea kumwagwa kidogo, kwa mazoea, na wale walio nyuma ambao hawakuona. Halafu ndoo zikasimama. Kutoka jukwaani wageni walikuwa wakirekodi. Kufikia adhuhuri picha zingefika kwa mkaguzi.

Wa kwanza kusema alikuwa mama mmoja kijana mwenye mtoto mgongoni. Hakuuliza kuhusu Mtulia.

"Na maji?" alisema.

Binti Mkumba aliinuka, akakamua kanga yake iliyolowa, akampa mgongo. Mmoja baada ya mwingine wakafuata. Hakuna aliyetukana. Walimpita kwa mbali, wakitazama mbele, na Somoe aliutambua mwendo ule, maana alikuwa akiutembea mwenyewe kila asubuhi.

*

Kibali kilifutwa kabla ya Jumapili. Watu wa mtambo walisema watakuja kuung'oa mwisho wa msimu, na mkunga aliulizwa na kila mwenye mimba ataondoka lini, akawa anajibu kwamba hajui, akiwa anajua.

Lakini harusi ilikuwapo. Wanawake wa Mkongoni walikwenda kwa Mtulia na nyungo zao, kwanza wawili, kisha kumi, kisha ua ukajaa. Waliingia wakiangalia chini. Inasemekana siku ile hakuna aliyesengenya. Walichagua mchele kimya mpaka Riziki mwenyewe, amepakwa liwa mwili mzima, alipochungulia dirishani akauliza kama ni harusi au hitima, ndipo wakacheka, na wengine wakalia. Wakwe wa Mitondoni walipokewa kwa vigelegele.

Somoe alivisikia vigelegele hivyo akiwa kwake. Hakualikwa, na hakutegemea kualikwa. Kutwa nzima hakuna aliyepiga hodi. Alidhani angalau atahisi wepesi, kama wanavyosema watu kwamba ukweli humtua mtu. Hakuhisi wepesi wowote. Alihisi kiu, akatazama mtungi wa maji matamu uliobaki, na akashindwa kujichotea.

Jua lilipopinda, kivuli kilisimama nje ya ua wake. Alikuwa Mtulia, katika kanzu ya harusi ya bintiye, ameshika sahani iliyofunikwa kawa. Alitazama huku na huku kabla ya kunyoosha mkono.

"Mwajabu hajui kama nimekuja," alisema.

Somoe alipokea kwa mikono miwili. Alitaka kuuliza hali yake Mwajabu, akaona hana haki ya kuuliza, na Mtulia akamjibu hivyo hivyo.

"Bado analia. Akikumbuka, analia. Tunamwacha." Alitazama tena njiani. "Jina lako hataki kulisikia. Sijui kama atataka. Mimi mwenyewe sijui nimekuja kwa nini. Kula, sahani inatakiwa."

Akageuka akampa mgongo, si kwa kususa, bali ili asimwone mtu anavyokula kwa aibu. Somoe alichuchumaa nyuma ya makuti na kufunua kawa. Alikula tonge kwa tonge mpaka punje ya mwisho. Kurudisha chakula cha mtu aliyekileta kwa siri lingekuwa kosa jingine, na makosa alikuwa nayo ya kumtosha.